Nasikia, Ila Siongei: Namna ya Kuanza Kuongea Kilugha cha Kwenu Ukubwani

Muulize kijana aliyekulia Dar, Nairobi au Mwanza kama anajua lugha ya kwao. Jibu linajulikana kabla hajafungua mdomo: "Nasikia, ila siongei." Bibi akimtuma chumvi, anaileta. Shangazi akimsema mbele ya wageni, anaelewa kila neno na uso unamshuka. Lakini akitakiwa kujibu, anajibu kwa Kiswahili.

Mwongozo huu ni wa huyo. Asiyesikia kabisa naye utamfaa, ila atachukua muda mrefu zaidi. Tunatumia neno "kilugha" kwa sababu ndilo linalotumika majumbani, ingawa wapo wanaolikataa kwa hiyo "ki-" yake inayosikika kama ya kudunisha. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo ukimwambia bibi unataka kujifunza "lugha ya jamii", atakuuliza jamii gani.

Jambo la kushika mapema ni kwamba anayesikia bila kuongea hana uhaba wa maneno. Maneno anayo kichwani, mengi kuliko anavyodhani. Anachokosa ni mtu na saa: mtu ambaye wakiwa pamoja Kiswahili hakitumiki, na saa maalumu ya kufanya hivyo. Wengi huanza kwa kutafuta kamusi au programu ya simu, wakachoka wiki ya tatu, wakasema lugha ni ngumu.

Jipime kwanza, dakika kumi zinatosha

Mpigie simu mtu mzima anayeongea lugha hiyo, mwombe akusimulie alichofanya tangu asubuhi. Ukifuata bila kukisia, sikio lako ni zima. Kisha kaa jikoni, taja kwa kilugha kila unachokiona kwa dakika moja. Vitu kumi na tano ni mwanzo mzuri. Mwisho sema sentensi tatu kwa sauti: "Jana sikula", "Leo sijala", "Kesho sitakula".

Wengi hupita kipimo cha kwanza, huyumba cha pili, na cha tatu huwaangusha kabisa. Sababu ni kwamba kusikia hakukulazimishi kuunda kitenzi. Unakamata mzizi, wakati unaupata kutokana na mazungumzo, unaelewa. Kuongea hakuna njia hiyo ya mkato. Ndiyo maana kazi kubwa ya miezi mitatu ya kwanza ni vitenzi, na majina ya vitu yatakuja yenyewe.

Mtu mmoja, lahaja moja

Chagua mtu mmoja wa kukufundisha. Si lazima awe mzazi, na mara nyingi mzazi hafai: ameshazoea kusema nawe Kiswahili kwa miaka ishirini, na mdomo wake hugeuka wenyewe akikuona. Bibi, babu, shangazi au mama mkubwa ni bora. Asiwe mtu wa maneno machache. Mzee mwenye hekima anayejibu kwa neno moja atakufundisha neno moja; jirani mmbea wa kijijini ni mwalimu mzuri kuliko yeye.

Angalia pia lahaja. "Kichaga" ni jina la jumla, lakini Mrombo na Mmachame wakisema kila mmoja cha kwao hawasikilizani vizuri. Kuchanganya walimu wawili wa sehemu tofauti katika miezi ya mwanzo kunakuletea maneno mawili kwa kila kitu, na kila mwalimu anakwambia la mwenzake si sahihi. Baki na mmoja hadi uweze kusimulia siku yako bila kukwama, halafu panua.

Kama baba ni wa kabila hili na mama ni wa lile, usitafute haki kwenye lugha. Chagua ile yenye mtu aliye hai, mwenye muda, na anayepokea simu. Ya pili itakuja baadaye, tena kwa wepesi, hasa zote mbili zikiwa za Kibantu.

Makubaliano na mwalimu wako

Kabla ya kipindi cha kwanza, kaa na mwalimu wako mkubaliane mambo matatu. Kipindi kinaanza na kuisha kwa saa, dakika 40 hivi. Ndani yake hakuna Kiswahili, hata kwa kutafsiri. Usipoelewa, ataonyesha kwa mkono, atachora, atarudia. Na ukikosea, atasema sentensi nzima sahihi badala ya kukueleza kosa lako.

Hili la tatu ndilo zito. Wazee wengi wakisikia kosa hufanya moja kati ya mawili: hucheka, au huhamia Kiswahili. Hawakudharau. Kuhamia Kiswahili ni ustaarabu wa kumwokoa mgeni, na wewe kwa lugha hiyo bado ni mgeni. Kucheka usikuzuie, maana sehemu nyingi utani ndio mlango wenyewe wa kuingilia. Mwambie tu: "Bibi, cheka, halafu niambie wewe ungesemaje."

Ili usikimbilie Kiswahili unapokwama, mwombe akufundishe sentensi saba siku ya kwanza, uzikariri kabla ya kitu kingine chochote: Hii inaitwaje? Anafanya nini huyu? Sema tena. Sema polepole. Sijasikia. Ungesemaje wewe? Ngoja kidogo. Hizo ndizo nguzo. Ukiwa nazo unaweza kukaa ndani ya lugha nusu saa nzima bila kutoka.

Mbinu hii ya mtu mmoja na mwanagenzi wake, bila kutafsiri, ilitengenezwa California mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa lugha za wenyeji wa asili zilizokuwa zimebakiwa na wazee wachache. Wao walilenga saa kumi hadi ishirini kwa wiki. Kwa mtu mwenye kazi au masomo hilo haliwezekani, lakini vipindi viwili kwa wiki na simu ya dakika kumi kila jioni vinatosha kukusogeza, mradi usikatishe.

Malipo? Nauli, sukari, vocha ya simu, kitenge mwisho wa mwezi. Usilipe kwa idadi ya maneno wala kwa saa. Ukimlipa mtu kwa neno, maneno yatazaliwa.

Kipindi kinavyokwenda: mfano wa kumenya ndizi

Usikae na daftari mezani ukiuliza "kichwa mnaitaje, mguu mnaitaje". Chagua kazi ya mikono inayochukua nusu saa na yenye vitendo vinavyojirudia: kumenya ndizi, kupeta mchele, kuchambua mboga, kufua, kusuka ukili. Tuseme ni ndizi za kupika.

Mzunguko wa kwanza, mwalimu anafanya na kusema anachofanya: ninachukua ndizi, ninaloweka kisu, ninakata ncha, ninamenya, ninatupa ganda, ninaitia majini isiwe nyeusi. Wewe kimya. Mzunguko wa pili anakuamuru na wewe unafanya: chukua, kata, menya, osha, leta maji, ongeza, acha. Hapa sikio lako linapata kitenzi kikiwa kitupu, maana katika lugha nyingi za Kibantu amri ni kitenzi kilichovuliwa viambishi karibu vyote. Mzunguko wa tatu mnabadilishana: wewe unamwamuru yeye. Ukikosea, atafanya kile hasa ulichosema, na utaona ndizi imewekwa mahali pasipostahili. Kosa la namna hiyo halisahauliki.

Sufuria ikishakuwa jikoni, anakuuliza: umefanya nini? Unasimulia yote kwa wakati uliopita wa leo. Kesho yake jioni, kwa simu, unasimulia tena: jana nilichukua, nilikata, nilimenya. Wiki ijayo kabla ya kuanza kazi hiyohiyo unasema mtakachofanya. Vitenzi ni vilevile kumi, lakini umevipitisha katika amri, wakati uliopo, jana na kesho. Ongeza kukanusha: hatukuosha, hatujaosha, tusioshe.

Vitenzi vinane hadi kumi vipya kwa kipindi vinatosha. Ukizidi hapo vinamwagika. Kwa wiki kumi na mbili, vipindi viwili kwa wiki, ukitoa marudio utakuwa na vitenzi mia na zaidi vinavyotoka mdomoni bila kufikiri, na kwa vitenzi hivyo unaweza kuishi nyumbani.

Makosa ya mwenye Kiswahili

Kosa kubwa ni kusema Kiswahili kilichovishwa nguo za kilugha: sentensi ya Kiswahili, neno kwa neno, na viambishi vya kwenu. Unaeleweka, lakini wazee wanasikia kitu kigeni. Linajitokeza hasa sehemu tatu.

Ya kwanza ni nyakati. Kiswahili kina "-li-" moja inayobeba asubuhi ya leo na enzi za Wajerumani. Kihaya na Gĩkũyũ, kwa mfano, hutenga yaliyotokea leo, ya jana, na ya zamani, kila moja kwa umbo lake. Kijana hujifunza moja na kulitumia kwa yote, kisha bibi anadhani msiba wa miaka kumi iliyopita umetokea asubuhi. Jaribu hivi: sema kitendo kimoja, kisha badilisha siku tu, na umsikilize mwalimu anageuza nini.

Ya pili ni heshima. Kiswahili hakikulazimishi kumsemesha mtu mmoja kwa wingi. "Shikamoo" na jina la undugu vinatosha. Lugha nyingi jirani zinakulazimisha. Kwa Kinyakyusa "ugonile" ni salamu kwa mtu mmoja, "mugonile" ni kwa wengi au kwa mkubwa. Kwa Kisukuma salamu ya asubuhi kwa mkubwa ni "mwangaluka". "Wangaluka" ni ya mwenzako. Kijana akimwambia babu "ugonile" hajakosea sarufi. Amemsalimia kama rika lake, na hakuna atakayemweleza. Watasema tu mtoto wa mjini hana adabu. Kwa hiyo kila salamu iulize mara mbili: kwa mtoto mwenzangu vipi, kwa mkwe vipi?

Ya tatu ni sauti. Lugha karibu zote za Kibantu zina toni: neno lilelile likipanda au kushuka linageuka maana. Kiswahili kimeipoteza, na Kinyakyusa pia ni miongoni mwa chache zilizoipoteza. Ila Kinyakyusa kimebaki na irabu saba, na irabu zinazovutwa. Urefu wa irabu si pambo. Kwa Luganda, "okusiba" ni kufunga kwa kamba, "okusiiba" ni kushinda siku au kufunga saumu. Tofauti ya toni mwenye Kiswahili haisikii mwanzoni kwa sababu sikio lake halijawahi kuihitaji. Dawa ni kupiga mluzi: mwombe mwalimu apige neno kwa mluzi badala ya kulisema, nawe umwigize. Unaondoa konsonanti na irabu, inabaki toni peke yake, na hapo inasikika. Watoto huufurahia mchezo huu kuliko wakubwa.

Kwenye Kisandawe na Kihadza kuna pia vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi, na hapo hakuna njia zaidi ya kuketi na mtu na kuangalia ulimi wake.

Neno moja kuhusu usafi wa lugha. Utakuta bibi mwenyewe anahesabu kwa Kiswahili kuanzia sita, anasema "simu", "gari", "shule" na viambishi vya kwao. Mwache. Kuna vijana huanza kusahihisha wazee, wakidai neno la asili la kila kitu. Hilo huwafanya wazee waogope kusema mbele yao, na lugha inarudi kimya. Kopa unapokopa yeye. Watu wa Kima'a huko Usambara, yaani Wambugu, wametumia kwa muda mrefu sarufi inayofanana na ya Kipare huku wakihifadhi maneno yao wenyewe, na hayo maneno yanawatosha kujitambua.

Kuandika

Andika baada ya kuweza kusema. Aliyeanza na maandishi husoma kilugha kwa sauti ya Kiswahili, na kuivunja tabia hiyo ni kazi.

Kwanza tafuta kama lugha yenu tayari ina mwandiko. Kwa nyingi upo, na mahali rahisi pa kuukuta ni Biblia au kitabu cha nyimbo cha kanisani, hata kama wewe si Mkristo. Usibuni mwandiko wako hadi umehakikisha huo haupo. Ukiukuta, jifunze herufi zinasomekaje, maana haziendi kama za Kiswahili: katika Gĩkũyũ, "c" husomwa karibu na "sh" na "th" husomwa kama "dh", na "ĩ" na "ũ" zenye alama ni irabu tofauti kabisa na "i" na "u". Kuacha alama hizo kwenye ujumbe wa simu ndiko kunakowafanya wasomaji wadogo washindwe kusoma maandishi ya lugha yao wenyewe. Programu za kibodi kama Gboard na Keyman zina herufi hizo kwa lugha nyingi za kwetu. Weka mara moja, usahau.

Kama hakuna mwandiko, andika kwa herufi za Kiswahili, ongeza herufi mbili kwa irabu ndefu, weka alama ya mkwaju (kama á) kwenye irabu yenye toni ya juu pale tu maneno mawili yanapogongana, na andika ukurasa wa kwanza wa daftari umeamua nini. Ukibadili uamuzi, tia tarehe. Daftari lenye mwandiko mbaya lakini thabiti ni bora kuliko lenye mwandiko wa kitaalamu unaobadilika kila ukurasa.

Kurekodi

Simu yako inatosha. Kinachoharibu rekodi ni mahali: mvua kwenye bati, jogoo, redio ya jirani, friji inayonguruma ambayo hukuisikia mpaka uliporudi nyumbani. Kaeni chumba chenye magodoro, nguo na pazia, au chini ya mti siku isiyo na upepo. Simu iwe shubiri moja hadi mbili kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, isilale moja kwa moja kwenye meza maana kila kikombe kitasikika kama radi. Weka simu kwenye hali ya ndege; simu ikiita katikati ya hadithi, hadithi hiyo hairudi ilivyokuwa. Rekodi nusu dakika, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Kama programu inaruhusu, chagua faili ya WAV, isiyobana sauti, badala ya M4A au MP3. Kwa kiwango cha 48 kHz, biti 16, njia moja, ni takriban MB 6 kwa dakika, yaani karibu MB 350 kwa saa. Kadi ya GB 32 inabeba saa 90 hivi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa kwa mazoezi, ila umebanwa sana kuwekwa kama kumbukumbu ya kudumu.

Anza kila rekodi kwa kusema tarehe, mahali, anayeongea, na kwamba amekubali kurekodiwa na kwa matumizi gani. Ruhusa ya kusikiliza nyumbani si ruhusa ya kuweka YouTube. Mambo ya jando na unyago, maneno ya matambiko, na hasa simulizi za mipaka ya mashamba na nani alifika kwanza, yaacheni ndani hadi ukoo uamue. Rekodi ya babu akieleza shamba lilivyogawanywa imewahi kuwa ushahidi wa ugomvi ambao hakuutaka.

Faili ipe jina linaloanza na mwaka, kwa mfano 2025-03-14_kumenya-ndizi_01.wav, zitajipanga zenyewe. Nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba hiyo. Kadi za kumbukumbu hufa bila kuaga.

Usijaribu kuandika rekodi yote. Kwa anayeanza, dakika moja ya mazungumzo hula karibu saa nzima kuiandika vizuri. Chagua dakika mbili tamu kutoka kila kipindi, andika hizo tu, umsomee mwalimu akusahihishe. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, ni ya bure na inaunganisha sauti na maandishi sentensi kwa sentensi; inahitaji kompyuta, na wiki moja ya kuizoea.

Kundi la vijana wenzako

Ukishapata miezi miwili, tafuta wenzako wanne hadi wanane. Kundi la WhatsApp linafaa kwa masharti: sauti tu, maandishi marufuku kwa siku tano za wiki, mada moja kwa wiki, mfano safari, soko, mgonjwa, mzee mmoja au wawili ndani wa kusahihisha. Na hakuna michango humo. Kundi likishaanza kuchangisha harusi, lugha imekufa. Watu watanyamazisha arifa na utabaki na orodha ya majina na tiki za kijivu. Michango ipelekwe kundi la ukoo.

Kutaneni ana kwa ana mara moja kwa mwezi, mpike kitu, mfanye michezo ya mafumbo na vitendawili. Vitendawili ni vizuri kwa sababu ni vifupi, vina mdundo, na hakuna anayetarajiwa kuvijua vyote. Kenya mna ahueni ya redio: Kameme na Inooro kwa Gĩkũyũ, Ramogi kwa Dholuo, Kass kwa Kikalenjin, Mulembe kwa Kiluhya, na wenye lugha hizo au za jirani walio Tanzania, kama Wajaluo wa Rorya, wanaweza kuzisikiliza mtandaoni. Tanzania redio karibu zote ni za Kiswahili, kwa hiyo tegemeeni kwaya, ngoma za mavuno, na Biblia za sauti. Hadithi za watoto za African Storybook zipo bure kwa lugha kadhaa za Kenya na Uganda. Zina picha na sentensi fupi, hata mtu mzima anaanzia hapo bila aibu.

Kundi likihitaji chumba shuleni au maktaba Kenya, taja kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kinachoitaka serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Tanzania mtaulizwa mapema zaidi: je, huu si ukabila? Jibuni kwa vitendo. Mlango uwe wazi kwa wakwe, wachumba na marafiki wa makabila mengine. Mada ziwe za maisha. Siasa na vyeo vya kijadi vibaki nje. Na nje ya kundi, msiteremke kwenye kilugha ofisini au kwenye daladala mbele ya mwenzenu asiyekijua. Watu walikatazwa kusema kilugha shuleni, wengine wakavishwa kibao shingoni, wakajengewa aibu. Hakuna haja ya kulipa kisasi kwa kumtenga mtu.

Hiyo aibu bado ipo, kwa pande zote mbili. Kijana wa mjini huambiwa si Mpare kamili kwa sababu haongei. Kijana wa kijijini huchekwa kwa lafudhi yake akija mjini. Usiwape watu mtihani. "Hebu mwamkie bibi kwa kikwetu tusikie!" mbele ya wageni kumi ni njia ya haraka ya kumfanya mtoto akichukie kilugha maisha yake yote. Msemeshe wewe, mkiwa wawili, na mjibu hata akijibu kwa Kiswahili.

Kama hakuna aliyebaki wa kumuuliza

Kuna jamii ambazo lugha imeshaondoka na jina likabaki. Wasuba wengi wa visiwa vya Mfangano na Rusinga, Ziwa Victoria, huongea Dholuo na bado ni Wasuba. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walihamia Kimaasai katika karne iliyopita; Waelmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu. Mtu hapotezi ukoo wake kwa kupoteza lugha, na mwongozo wowote unaoanza kwa kumwambia kijana huyo kwamba si kitu, umekosea mlango.

Hapo lengo hubadilika. Badala ya kutafuta mazungumzo, kusanya kilichojificha ndani ya lugha mnayosema sasa: majina ya mahali, ya vijito, ya miti na dawa, ya sehemu za mtego au mtumbwi, salamu za kiukoo, laana, nyimbo za kubembelezea watoto. Kwa Wayaaku, waliokuwa wawindaji na warina asali, maneno ya nyuki, miti na wanyama ndiyo yaliyodumu zaidi, kwa sababu lugha mpya ya wafugaji haikuyahitaji. Nenda na mzee msituni au ziwani mkiwa mmeshika simu; ukimuuliza akiwa amekaa sebuleni hatakumbuka neno hata moja, ila akiuona mti atalitaja kabla hujauliza.

Kisha tafuta orodha za maneno zilizokusanywa na wanaisimu. Idara za isimu za vyuo vikuu, kama Dar es Salaam na Nairobi, ni mahali pa kuanzia. Andika barua, taja lugha na jina la kijiji, omba nakala ya sauti pamoja na maandishi. Ukizipata, wapelekee wazee wazisikie kwanza, kabla hujazisikiliza peke yako na kuandika unachodhani umesikia. Mara nyingi sauti ya mtu aliyekwisha fariki itawakumbusha neno la pili, na la tatu. Kwa hiyo simu iwe tayari inarekodi unapobonyeza kucheza.